Barua ya Wazi kwa Kamati ya Waamuzi: Ombi la Kuvushwa Kutoka Mwaka 1890

KWA: Kamati ya Waamuzi, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), Dar es Salaam

YAH: MAGOLI YENYE UTATA KATIKA VIWANJA VYA SHULE, WILAYA ZA NGARA NA BIHARAMULO, MKOA WA KAGERA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Barua hii inaanza kwa pongezi, kwa kuwa mila ya barua za ofisini hairuhusu lawama kutangulia shukrani. Kamati inapongezwa kwa kazi ambayo huenda yenyewe haijaitambua, nayo ni kuhifadhi, katika wilaya mbili za kusini mwa Kagera, kumbukumbu hai ya namna mpira wa miguu ulivyochezwa kabla ya mwaka 1891. Makumbusho ya Ulaya hutunza viatu vikuukuu na mipira ya ngozi ndani ya makabati ya vioo, lakini Ngara na Biharamulo zimetunza mchezo wenyewe ukiwa mzima, pamoja na magoli yake yasiyo na nyavu, mistari yake ya majivu na wapiga filimbi wake wanaotoka katika mojawapo ya timu mbili zinazocheza. Na mtafiti anayetaka kuuona hahitaji tiketi wala kibali, bali anahitaji tu kufika shuleni pale inapoanza ngazi ya kata ya UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Sekondari Tanzania.

Mwaka 1891 umetajwa kwa makusudi. Kabla yake, mechi ya Uingereza ilichezeshwa na waamuzi wawili, kila klabu ikimleta wa kwake, na kila mmoja akitarajiwa, kwa uungwana wa zama hizo, kuitendea haki timu ya mwenzake. Waliposhindwa kukubaliana, shauri lilipelekwa kwa mtu wa tatu aliyesimama nje ya mstari, ambaye ndiye babu wa refa wa leo. Mwaka 1891 mtu huyo wa tatu aliingizwa uwanjani na kupewa mamlaka kamili, wale wawili wakasogezwa pembeni na kukabidhiwa vibendera, na penalti ikaingia katika sheria. Mwezi Januari wa mwaka huohuo, magoli yenye nyavu yalijaribiwa katika mechi iliyochezwa Nottingham. Wavu huo ulikuwa wazo la mhandisi wa Liverpool aitwaye John Alexander Brodie, aliyelipata baada ya mechi ya Everton ya mwaka 1889 ambapo watu waligombana kuhusu mpira mmoja, kama ulipita ndani ya nguzo au nje yake. Brodie hakuunda kikosi kazi, hakuitisha semina elekezi, wala hakuandaa mpango mkakati wa miaka mitano. Alitaka tu mpira ubaki pale ulipoingia ili kila mtu auone, na hataza ya wazo lake ilipatikana mwaka 1890.

Sasa iangaliwe Ngara. Katika vilima vile, ambako ardhi tambarare ni haba na ile iliyopo hugombaniwa na migomba, maharage na majengo, uwanja wa shule aghalabu huchongwa ubavuni mwa kilima, ukawa na goli la juu na goli la chini, na timu zinapobadilishana upande baada ya mapumziko hubadilishana pia nguvu ya mvutano wa dunia. Nguzo za goli ni mikaratusi miwili iliyokatwa siku tofauti katika miti tofauti. Mtambaa wa panya, yaani ule mti unaolala juu ya nguzo mbili, ni mkaratusi wa tatu, ambao kwa kunyeshewa na kupigwa jua umebonyea katikati kiasi kwamba goli lina kimo kimoja kwenye pembe na kimo kingine mahali anaposimama kipa. Nyuma ya goli hakuna wavu. Kuna mteremko, na chini ya mteremko kuna shamba la migomba. Hapo ndipo tatizo lote la ushahidi linapozaliwa, kwa sababu mpira uliopita ndani ya goli na mpira uliopita nje yake kwa shibiri moja huokotwa mahali pamoja, chini ya mgomba uleule, na mtoto aliyetumwa kuufuata. Mpira unaporudishwa uwanjani hauna alama yoyote ya njia uliyopita, na wachezaji ishirini na wawili wamekwisha kugawanyika nusu kwa nusu, nusu wakishangilia na nusu wakiweka mpira wa kufikirika kwenye kona ya sita ili kipa wao apige goli kiki.

Biharamulo ni tambarare zaidi, na kwa hiyo tatizo lake ni tofauti kidogo. Uwanja tambarare ni njia nzuri ya mkato, na mstari wa goli uliochorwa alfajiri kwa majivu ya jiko la shule hukanyagwa na wenye baiskeli, na ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na mashabiki wenyewe, hata kufikia kipindi cha pili mstari umekuwa dhana zaidi kuliko kitu. Shule yenye uwezo hununua chokaa. Shule isiyo na uwezo lakini yenye busara huchimba mfereji mwembamba kwa jembe, njia ambayo ina ubora wake, kwa kuwa mfereji haupeperuki, ingawa mpira unaotambaa polepole kuelekea golini unaweza kuingia ndani yake ukatulia, usiwe ndani wala nje, jambo ambalo hakuna kitabu cha sheria duniani kilichowahi kulitafakari.

Kitabu chenyewe kipo, na Kamati inakifahamu vizuri. Hutolewa na Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Mpira, IFAB, iliyoundwa mwaka 1886, na Sheria yake ya 10 inaeleza kwamba goli hupatikana pale mpira wote unapovuka mstari wa goli, katikati ya nguzo na chini ya mtambaa, ikiwa timu iliyofunga haikutenda kosa. Sheria ya 1 inaongeza kwamba nguzo ziachane kwa mita 7.32, mtambaa uwe mita 2.44 kutoka ardhini, nguzo na mtambaa viwe na unene mmoja usiozidi sentimita 12, na mstari wa goli uwe na upana uleule wa nguzo. Kwa kuwa mzunguko wa mpira ni kati ya sentimita 68 na 70, kipenyo chake kinakaribia sentimita 22, na kwa hiyo ugomvi wowote wa goli, kisheria, ni ugomvi wa kitu cha sentimita 22 kuvuka kitu cha sentimita 12. Kamati inaombwa itoe tafsiri rasmi itakayosomwa mbele ya wakuu wa shule wote: mstari wa majivu ufuate unene wa mkaratusi wa kushoto, ambao ulikuwa mti mzima, au wa kulia, ambao ulikuwa mche, unene huo upimwe shinani au kileleni, na mstari ukishapeperushwa na upepo wa Juni, mpira uhesabiwe kuwa umevuka mstari uliopo, au mstari uliokuwapo asubuhi, au ule ambao mwalimu wa michezo anaukumbuka?

Suala la kukumbuka ni zito, kwa kuwa Sheria ya 5 inampa refa neno la mwisho kuhusu mambo yote ya mchezo, likiwamo lile la kama goli limefungwa au la. Mantiki yake ni njema, maana mchezo usio na msema wa mwisho haumaliziki kabla ya jua kuzama. Ila waliotunga sheria hiyo walimpa refa neno la mwisho baada ya kumpa kwanza mstari wa kutazama, wavu wa kushuhudia na wasaidizi wawili wasiokuwa na ndugu katika mechi. Refa wa mechi ya kata, mara nyingi, ni mwalimu wa michezo wa shule mwenyeji, na sifa yake kuu ya kuteuliwa ni kwamba ndiye mwenye filimbi. Washika vibendera, ambao kitabu kinawaita waamuzi wasaidizi, ni mwalimu mmoja kutoka kila shule, na kibendera ni kipande cha jezi kuukuu kilichofungwa kwenye kijiti. Yeyote aliyesoma maelezo ya hapo juu kuhusu Uingereza ya kabla ya 1891 ataona kwamba mpangilio ni uleule hadi nukta, isipokuwa kwamba Waingereza wale angalau walimweka nje ya mstari mtu wa tatu.

Ni kumwonea mwalimu huyo kumbebesha lawama. Anapokubali goli la wageni, Jumatatu atakutana na wanafunzi wake darasani, na mkuu wake wa shule ofisini, na wazazi wao sokoni. Anapolikataa, wageni watasema timu ya nyumbani imebebwa, na katika soka la Tanzania hakuna tuhuma inayoshika haraka kama ile ya mbeleko. Hana posho ya maana na hana askari, na kozi ya uamuzi ikitangazwa huwa ni Bukoba, safari ya kutwa nzima kwa gari kutoka Ngara kabla ya kufikiri mahali pa kulala. Kwa hiyo amejifunza kufanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya, yaani kutazama kwanza ni upande gani umeanza kushangilia mapema, kisha kupuliza. Mbinu hiyo si ya kisayansi, lakini ina kasi.

Nje ya sheria, kuna chombo kingine cha uamuzi ambacho Kamati haijakisajili. Katika mpira wa magongo wa barafuni, ambao hupendwa sana Marekani na Kanada, ilikuwa desturi kwa muda mrefu kumweka nyuma ya goli, upande wa pili wa kioo, mwamuzi wa goli ambaye kazi yake pekee ni kuwasha taa nyekundu kile kisahani cha mpira kinapovuka mstari. Ngara na Biharamulo haziko karibu na barafu ya mchezo huo, kwa kuwa ile inayojulikana zaidi Afrika Mashariki iko ndani ya hoteli ya Panari, Nairobi, lakini mwamuzi wa goli zinaye, tena si mmoja. Ni watoto wa shule ya msingi wanaojipanga nyuma ya goli, ambao wameona vizuri kuliko watu wazima wote, na ambao wangesema kweli kama wangeulizwa kabla ya kaka zao kuwakonyeza.

Kamati inaweza kuuliza kwa nini malalamiko haya yaletwe sasa, ilhali magoli ya mikaratusi ni ya zamani. Jibu liko kwenye vibanda umiza, yaani vile vibanda vya mabati ambamo watu hubanana kwenye mabenchi na kulipa kiasi kidogo kutazama mpira kwenye televisheni. Tarehe 5 Aprili 2024, Yanga ilicheza na Mamelodi Sundowns mjini Pretoria, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya sare ya bila kufungana Dar es Salaam. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa wa panya, likadunda chini na kutoka. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania, akiwa na msaada wa VAR, yaani wasaidizi wanaopitia picha za video, hakulitoa goli. Mechi ikaisha bila bao, Sundowns wakashinda kwa penalti 3 kwa 2. Kwa wiki kadhaa nchi nzima iligeuka kuwa maabara. Picha ilisimamishwa, ikakuzwa, ikachorwa mstari mwekundu, na wanafunzi wa sekondari wakawa wanajadili kivuli cha mpira na pembe ya kamera kwa ufasaha ambao walimu wao wa fizikia wangeutamani. Kisha wanafunzi walewale wakavaa jezi, wakaenda kwenye mechi za kata, wakakuta goli linaamuliwa kwa sauti. Mtu aliyekwisha kuona VAR hawezi kuridhishwa tena na kelele, na hapo ndipo amani ya zamani ilipovunjika.

Isidhaniwe kwamba Kagera ni mgeni wa mashauri ya waamuzi. Tarehe 2 Aprili 2017, Kagera Sugar iliifunga Simba mabao 2 kwa 1 katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, na Simba ikalalamika kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano, ambazo kwa kanuni humlazimu mchezaji kukosa mechi inayofuata. Kamati ya Saa 72, chombo cha kusimamia ligi kilichopewa jina kutokana na muda wake wa kushughulikia mambo ya mechi, iliipa Simba pointi tatu; kamati nyingine ya shirikisho hilohilo, ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji, ikazirudisha Kagera; na mwisho wa msimu Simba na Yanga wakalingana kwa pointi 68, Yanga akatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Ubingwa wa nchi ulining'inia kwenye swali la kama kadi moja ilitolewa au haikutolewa, katika ligi yenye kamisaa wa mchezo, ripoti za maandishi na kamera za televisheni. Ikiwa kadi, ambayo huinuliwa juu hadharani, inaweza kuzua ubishi wa kiasi hicho, msomaji afikirie mwenyewe hali ya goli lililopotelea migombani.

Inatarajiwa kwamba Kamati itajibu, na itakuwa sahihi, kwamba UMISSETA iko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ikishirikiana na wizara zinazohusika na elimu na michezo. TAMISEMI ikiulizwa inaweza kusema kwamba uamuzi ni taaluma ya TFF na vyama vyake vya mikoa. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zinaweza kusema kwamba michezo ipo katika mpango na inasubiri fedha, na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, linaweza kukumbusha kwamba lenyewe ni msimamizi wa jumla. Mkuu wa shule, ambaye tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 hana ruhusa ya kuwachangisha wazazi kiholela, atatazama ruzuku yake, atatoa chaki, karatasi za mitihani na bili ya umeme, kisha atatoa macho. Zaidi ya hayo, Sheria ya 1 inasema nyavu "zinaweza" kufungwa na haisemi lazima, na ndani ya neno hilo moja ofisi zote zilizotajwa zimepata kivuli cha kutosha kukaa pamoja.

Kwa kuwa fedha ndiyo sababu itakayotolewa, linapendekezwa hapa suluhisho lisilo na gharama. Kabla ya Chato kumegwa kutoka Biharamulo na hatimaye kuingizwa katika Mkoa wa Geita mwaka 2012, wilaya ya Biharamulo ilikuwa na ufukwe wake wa Ziwa Victoria, na ziwa hilo ndilo ambamo serikali, hasa wakati wa Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ilikamata nyavu haramu kwa wingi na kuzichoma moto hadharani. Nyavu hizo huitwa haramu kwa sababu matundu yake ni madogo mno, hata vifaranga vya samaki havipenyi. Hakuna sifa bora kuliko hiyo kwa wavu wa goli. Wizara inayohusika na uvuvi iombwe kwamba badala ya kuchoma ushahidi wa uhalifu, iutume Ngara na Biharamulo ukazuie uhalifu mwingine, na wavuvi waliokamatwa wapewe adhabu ya kuufunga.

Wapo watakaosema kwamba wavu nao hudanganya, na mfano wanao. Tarehe 18 Oktoba 2013, katika ligi ya Ujerumani, kichwa cha Stefan Kiessling wa Bayer Leverkusen kilipita nje ya nguzo, mpira ukapenya tundu la wavu wa pembeni na kutulia ndani ya goli la Hoffenheim. Mwamuzi Felix Brych akaweka kati, Leverkusen wakashinda 2 kwa 1, na ombi la kurudia mechi likakataliwa kwa kuwa refa ndiye mwenye neno la mwisho. Hoja hiyo inakubaliwa bila kinyongo. Ngara na Biharamulo ziko tayari kabisa kupokea nyavu zenye matundu, na zitafurahi sana siku zitakapoanza kuwa na matatizo ya Ujerumani.

Lipo pia suala la watu, na hapa kejeli inawekwa kando kwa aya moja. Mkoa wa Kagera umemtoa Jonesia Rukyaa, mwamuzi aliyepata beji ya FIFA, ambaye Februari 2016 alikabidhiwa filimbi ya mechi ya watani wa jadi Yanga na Simba, mechi ambayo wanaume wengi wenye uzoefu huombea isiwaangukie. Mwamuzi wa kiwango hicho hupatikana pale mtu anapofundishwa, anapokaguliwa na anapopangiwa mechi ambazo hana timu ndani yake. Kozi ya siku chache inayofanyika Ngara mjini na nyingine Biharamulo mjini, badala ya walimu kuitwa Bukoba, ingetosha kuanzia. Na kanuni ya kubadilishana waamuzi, walimu wa kata moja wakachezeshe kata nyingine, haihitaji fedha zaidi ya nauli ya bodaboda, na saini.

IFAB iliruhusu teknolojia ya mstari wa goli Julai 2012, miaka miwili baada ya bao la Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani, katika Kombe la Dunia, kukataliwa mjini Bloemfontein, na VAR ikaingia katika sheria mwaka 2018. Hakuna anayeomba hayo Ngara. Hakuna anayeomba hata penalti iboreshwe. Kinachoombwa ni wavu wa Brodie, pamoja na refa ambaye si mwalimu wa timu inayocheza, na mfuko mmoja wa chokaa kwa kila uwanja wa mechi za kata.

Kamati inaombwa kujibu kwa maandishi kabla ya ngazi ya kata ya msimu ujao kuanza, na kama jibu ni kwamba suala hili halimo katika mamlaka yake, basi itaje jina la ofisi ambayo limo, ofisi moja tu, ili barua nyingine isiandikwe kwa wote.

Katika ujenzi wa taifa,

Magoli Yasiyo na Nyavu,
Wilaya za Ngara na Biharamulo